Kafi au Kasi? Safari ya Sauti kutoka Santuri hadi Simu

Waswahili husema debe tupu haliachi kuvuma, na aghlabu methali hii hutumiwa kumkejeli mtu mwenye maneno mengi na akili haba. Lakini ukiitazama kwa jicho jengine, ina elimu ya sauti ndani yake. Debe lililojaa mafuta ukiligonga hutoa mlio mfupi uliozibana. Lililo tupu huvuma, kwani hewa iliyomo ndani yake hutetemeka pamoja na bati. Ala zetu za muziki nazo zimejengwa juu ya siri hiyo hiyo: tumbo la udi, kisanduku cha qanuni, mwili wa fidla na uwazi wa ngoma. Sauti inataka nafasi. Makala haya ni historia fupi ya nafasi hiyo, namna ilivyokuwa kubwa, namna ilivyopunguzwa hata ikaingia ndani ya simu ya mkononi, na kitu gani kilichoanguka njiani.

Kilichonisukuma kuyaandika ni ubishi. Jioni moja, baada ya sala ya isha, tulikuwa tumekaa barazani, Mji Mkongwe, watu sita au saba, na dele la kahawa liko kati yetu. Kijana mmoja akatoa simu yake, akatusikilizisha wimbo wa zamani. Wimbo huo ulitoka katika sahani ya santuri, ukapita katika kanda, kisha ukaingia katika simu na kurushwa kutoka mkono hadi mkono. Jina la mshairi lilikuwa limeshapotea zamani. Katika ubeti wa pili mwimbaji alitaja chombo cha mpenzi kilichomo baharini. Chenda vipi? Wawili kati yetu walisikia kwamba chenda kwa kafi. Waliobaki walisikia kwamba chenda kwa kasi.

Ni herufi moja tu, lakini maana zimepeana migongo. Aendaye kwa kafi hana upepo. Tanga limelala, naye anavuta maji kwa nguvu za mikono yake. Aendaye kwa kasi upepo uko nyuma yake. Wa kwanza anataabika ili amfikie mpenziwe, na wa pili, Mungu ajuaye, huenda anamkimbia. Wenye elimu ya arudhi watauliza: je, kina hakikuamua? Hakikuweza, kwa sababu neno lenyewe halikukaa mwisho wa kipande. Lilikaa katikati ya utao, mahali ambapo hapana kina cha kulilinda. Mizani nayo haikufaa kitu, kwani kafi na kasi yote mawili ni silabi mbili. Tukairudia mara kumi, na kila mtu akazidi kusikia alichokisikia mwanzo. Mwishowe kijana mwenye simu akasema kwa upole, "Wazee wetu hawa walikuwa wakiimbia puani, na muziki wao hauna besi." Hukumu hiyo ilinichoma kuliko ubishi wenyewe. Nilijiuliza: aliyehukumiwa hapa ni mwimbaji, au ni chombo kilichomleta?

Tuanze na chombo cha kwanza. Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza fonografu, mashine iliyoandika sauti juu ya silinda iliyovikwa karatasi ya bati na kisha kuisoma. Miaka 10 baadae Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, akaleta gramafoni, iliyotumia sahani bapa badala ya silinda. Katika zama hizo umeme haukuwa na kazi yoyote katika kunasa sauti. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa, akaimba kwa nguvu zake zote, na pumzi yake ndiyo iliyotikisa kiwambo, nacho kiwambo kikatikisa sindano iliyochora mfereji. Wakati wa kusikiliza safari ilirudi kinyume: mfereji ulitikisa sindano, sindano ikatikisa kiwambo, na pembe ikaikuza sauti hata ikajaza chumba. Pembe ile ndiyo spika ya kwanza ya nyumbani, na kazi yake yote ilitegemea umbo lake na hewa iliyomo ndani yake.

Hapa yatupasa tuseme kidogo juu ya vipimo. Sauti hupimwa kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia tangu mitetemo 20 hadi 20,000 hivi. Sauti ya mwanamume azungumzaye husimama juu ya mitetemo 100 na kitu, na ya mwanamke juu ya 200 hivi. Huko ndiko tunakokuita kifuani. Irabu zetu tano hujengeka zaidi chini ya mitetemo 3,000. Lakini herufi za pumzi, yaani s, sh, f na th, hazina kifua. Hizo ni upepo unaopenya baina ya meno, ulimi na midomo. Nguvu ya s hukaa zaidi juu ya 4,000, na f ni dhaifu kuliko hiyo, imetawanyika kama moshi.

Pembe za mwanzo zilinasa takriban tangu mitetemo 250 hadi 2,500 tu. Kwa hiyo irabu zilipita mlangoni, na upepo wa herufi ukabaki nje. Kifua cha mwimbaji nacho kilipunguzwa chini, na ngoma zikawa kama watu wanaogonga ukuta wa jirani.

Mwaka 1925 mambo mawili yalitokea Marekani, karibu kwa wakati mmoja. Kampuni kubwa za santuri zilianza kunasa sauti kwa kipaza sauti cha umeme, na mipaka ikapanuka hadi mitetemo 5,000 hivi. Mwaka huo huo Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric, walieleza spika yao ya koni ya karatasi: koili ya waya imewekwa ndani ya uwanja wa sumaku, umeme unapopita koili inasukumwa mbele na nyuma, na koni iliyofungwa nayo inaisukuma hewa. Mwaka uliofuata spika ya namna hiyo ilianza kuuzwa. Msingi wake ndio uliomo hadi leo katika spika nyingi za redio, za televisheni na za simu. Karibu miaka mia moja imepita, nasi bado tunasikiliza koili, sumaku na kiwambo.

Miaka mitatu baada ya hapo, mwaka 1928, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kuimba kwa ajili ya sahani za His Master's Voice. Habari za maisha yake zinajulikana kwa wasomaji wetu, na Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Ninalotaka kulitaja hapa ni moja tu. Sahani ya kawaida ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba dakika tatu hivi kwa upande mmoja. Mwimbaji wa taarabu, ambaye usiku kucha aliweza kuurudia ubeti kwa madaha na kumngoja msikilizaji atunze, sasa alipewa dakika tatu, kisha sahani igeuzwe. Shairi lenye beti nyingi lilibidi lichague nani apande chombo na nani abaki pwani.

Sahani zenyewe zilitengenezwa kwa lakiri iliyochanganywa na unga wa mawe, na sindano ya chuma ilizikwaruza kila zilipopigwa. Mkwaruzo ule ni mlio mwembamba wa juu, na umekaa mahali pale pale wanapokaa s na f. Msikilizaji wa santuri alitakiwa azichambue herufi za mshairi kutoka katika uvumi wa sindano, kama mwanamke apetaye mchele wenye chuya nyingi. Wa zama zile waliweza, kwa kuwa wengi wao walizijua nyimbo kabla ya kuzisikia sahani. Sahani iliwakumbusha tu. Sisi wa leo twaitaka itufundishe, na hiyo ni kazi ambayo haikuumbiwa.

Baada ya santuri ikaja redio. Redio za mwanzo, zenye taa za kioo ndani yake, zilikaa katika makasha makubwa ya mbao, na nyuma ya koni palikuwa na nafasi ya kutosha. Hapo ndipo debe tupu lilipofanya kazi yake. Redio ya mbao iliyowekwa juu ya kabati ilivuma, ikampa msomaji wa taarifa kifua na ikalipa dumbak ngozi yake. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza mwaka 1957, makasha kama hayo ndiyo yaliyokusanya watu majumbani na katika mikahawa. Mawimbi ya masafa ya kati na mafupi hayakuweza kubeba herufi nyembamba kwa ukamilifu, na usiku yaliyumba kama mashua, lakini unene wa sauti ulifika.

Kisha kasha likaanza kupungua. Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, na mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista ikaingia sokoni, ikiwa na spika isiyofika upana wa inchi 3. Hasara yake ilikuwa dhahiri, kwani sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu aliyejibana pua. Lakini tusiwe watu wasio na shukurani. Redio ya betri ilitoka sebuleni ikaenda shamba kwenye karafuu, ikaingia katika ngalawa, na ikakaa jikoni na mwanamke ambaye hapo kabla alisikiliza kupitia ukuta. Ilichokipoteza katika uzito ilikilipa kwa miguu. Biashara hiyo, uzito kwa miguu, ndiyo itakayorudiwa tena na tena katika hadithi hii.

Mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionesha kaseti yake. Kwa mara ya kwanza msikilizaji wa kawaida aliweza kunasa mwenyewe: arusi, maulidi, utenzi unaosomwa na babu. Katika miaka ya 1970 na 1980 redio kaseti zenye spika mbili pana ziliirudisha besi majumbani. Vikundi vya taarabu vilikuwa vimeshakusanya fidla nyingi, akordioni na besi kubwa ya kusimama, na baadae kinanda cha umeme. Muziki ulitungwa kwa masikio yaliyozoea unene. Kaseti nayo ilikuwa na maradhi yake, ule mchirizo wa utepe unaozidi kila unapoinakili. Nakala ya nakala ya nakala ilifika Pemba, Mombasa au Maskati ikiwa imevaa mchirizo mzito, na kwa mara nyengine aliyefunikwa alikuwa yule yule, s na f.

Sahani ya kompakti iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 iliumaliza mchirizo. Ilihesabu sauti mara 44,100 kwa sekunde, na hivyo ikabeba karibu kila kinachosikiwa na sikio. Lau historia ingesimama hapo, tungesema sauti imefika bandarini. Haikusimama. Katika miaka ya 1990 wahandisi, miongoni mwao Karlheinz Brandenburg wa Ujerumani, walikamilisha namna ya kuipunguza sauti kwa kuondoa vile ambavyo sikio linakisiwa halitavitambua. Hiyo ndiyo MP3. Ikibanwa kwa kiasi, haina lawama. Ikibanwa mno ili faili liwe dogo na liende upesi, uvumi na herufi za pumzi huchanganyika, zikatoka na mlio wa maji yanayochuruzika. Tena rekodi ya santuri huumia kuliko nyengine, kwani mkwaruzo wake wa kila sekunde huila nafasi iliyotakiwa na mwimbaji.

Simu ya iPhone ilitoka mwaka 2007 na tableti ya iPad mwaka 2010, na baada yao vyombo vya namna hiyo vya kila bei vikaenea. Hapo ndipo nafasi ilipokwisha kabisa. Nyuma ya spika ya simu mna hewa ya kadiri ya sentimita moja ya ujazo, yaani chini ya kijiko cha chai, na kiwambo chake husogea sehemu tu ya milimita. Sasa kanuni ya maumbile ni hii: ukiteremka hadi nusu ya mitetemo, kiwambo lazima kisogee mara nne zaidi ili kusikike kwa nguvu ile ile. Kiwambo cha simu hakina pa kwendea. Chini ya mitetemo mia kadhaa hudhoofika upesi, na kwenye mitetemo 100, anakosimama mwanamume na inakovuma besi, karibu hapana kitu.

Wahandisi hawakulala. Tangu miaka ya 2010 simu nyingi zina saketi inayopima joto na mwendo wa koili kila wakati, ili spika isukumwe hadi ukingoni bila ya kuungua. iPad Pro ya mwaka 2015 ilipewa spika nne, na iPhone ya mwaka 2016 ikaanza kukitumia kipaza cha sikioni kuwa spika ya pili. Wametumia pia ukarimu wa sikio: ukilisikilizisha ngazi za juu za noti bila ya noti yenyewe ya chini, akili huijaza noti iliyokosekana na kudhani imeisikia. Kwa hiyo tunaposikiliza besi katika simu, aghlabu tunaikumbuka zaidi kuliko kuisikia. Anayeijua besi ya wimbo huisikia. Asiyeijua husema haipo.

Televisheni nazo zimepita njia hiyo hiyo. Zile za zamani, ambazo Unguja ilizipokea kwa fahari na rangi zake mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilikuwa na mgongo mkubwa, na mgongo ule ulikuwa debe. Za leo ni bapa kama sinia. Spika zake zimefichwa chini au nyuma, zinaimbia meza na ukuta. Mtu hununua kioo cha inchi 55, kisha huulizana na mkewe mchezaji amesema nini, na mwisho hununua spika ndefu ya kuweka chini yake, akirudisha kwa fedha nyengine nafasi iliyoondolewa.

Sasa turudi barazani, tukiwa na jawabu mkononi. Hukumu ya kijana haikuwa juu ya wazee. Pua aliyoisikia ni ya kiwambo cha simu, na besi iliyokosekana ilikatwa mara mbili, mara ya kwanza pale uliponaswa wimbo, na mara ya pili mfukoni mwake. Jioni ya pili nilichukua rekodi ile ile nikaipitisha katika spika ya zamani yenye kasha la mbao. Udi ukashuka chini, dumbak likapata ngozi, na mwimbaji akaingia barazani na kifua chake. Kijana alinyamaza, kisha akaomba irudiwe. Lakini neno letu lilibaki vile vile, kafi au kasi. Spika hurudisha kilichomo. Kilichoachwa nje ya mlango haiwezi kukiita.

Nilifahamu hapo jambo ambalo sikulifikiri kabla. Tunawafundisha wanafunzi kwamba vina na mizani ni pambo la shairi, na wengine huviona ni pingu. Kumbe pia ni kinga. Neno likikaa kwenye kina, wenziwe wa mishororo mengine hulishuhudia. Hata upepo ukiichukua herufi, sikio litairudisha. Ikipungua silabi, mizani itapiga kelele. Simu za zamani zilipitisha mitetemo 300 hadi 3,400 tu, na ndiyo maana katika kutaja jina twalazimika kusema "f ya Fatma, s ya Salma". Shairi lilikuwa na shahidi wake kabla ya waya wa kwanza kutandazwa. Lakini shahidi huyo hulinda mwisho wa vipande tu. Katikati, neno huishi kwa moyo wa aliyelihifadhi.

Basi tulimwendea bibi mmoja wa mtaani, ambaye umri wake umepita miaka 80. Tukamwamkia, akaitika marahaba, tukampigia wimbo. Hakuungoja ubeti wa pili umalizike.

"Kafi," alisema.

"Umelisikia, bibi?"

"Sikulisikia. Simu yenu hiyo haisemi kitu. Naujua. Shangazi yangu akiuimba akisuka ukili. Mbele huko kuna ubeti kafi linavunjika, naye anapiga maji kwa mikono. Sasa kama alikuwa akenda kwa kasi, kafi limevunjika la nini?"

Ubeti huo haumo katika rekodi. Dakika tatu za sahani hazikuwa na nafasi yake. Tulimwomba autamke, akautamka pole pole, na mmoja wetu akauandika katika daftari kwa kalamu ya wino, pamoja na beti nyengine mbili ambazo hakuna hata mmoja kati yetu aliyepata kuzisikia.

Ninalowaomba wasomaji ni dogo. Mwenye rekodi ya zamani katika simu asiihukumu kwa spika ya simu. Aisikilize kwa vipokea sauti vizuri au kwa kasha lenye nafasi ndani yake. Asiibane zaidi anapoirusha, na nakala asili asiifute. Na kabla ya yote hayo, akae na mzee aujuaye wimbo, aandike maneno yake neno kwa neno. Sahani zitasubiri, zimeshasubiri tangu 1928. Bibi yule alituaga akisema tusichelewe kurudi, kwani ana nyengine.